Zero ni ya nani? Kupima maendeleo ya watoto katika shule za wenye ulemavu

Wengi munanijua kama mtu wa mahindi na muhogo, na kila mara nikiandika hapa ni mambo ya mbegu ao ya udongo. Leo naandika kuhusu karatasi ya shule. Nitasema kwanza karatasi hiyo ilifanya nini nyumbani kwetu. Kisha nitaeleza namna Waingereza walivyohangaika zaidi ya miaka 20 kutafuta karatasi nzuri kuliko ile, pale walipofaulu na pale, kwa akili yangu, walipokosea. Mwisho nitasema sisi tunaweza kufanya nini, na kaye moja na biki.

Mdogo wangu wa mwisho ana trisomia 21. Mwaka ninaousema alikuwa na miaka 11, na alisoma katika shule moja ya watoto wenye ulemavu hapa Lubumbashi. Jina la shule sitaji, ju walimu wake walikuwa watu wa roho nzuri na shida haikuwa roho yao. Mwisho wa mwaka akaleta buletini. Ilikuwa buletini ileile ya shule zote za msingi: masomo upande mmoja, maksima, periodi, mitihani, jumla, asilimia, nafasi darasani. Hesabu: zero. Kusoma: zero. Kuandika: kidogo tu. Jumla asilimia 9. Nafasi: wa 14 juu ya watoto 14.

Baba akaiangalia wakati mrefu. Kisha akauliza: «Sasa huyu mutoto anafundaka nini kule? Tunatosha makuta ya transport kila siku ju ya zero?» Mama hakujibu. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa lisansi, mtu wa takwimu na majaribio ya shambani, na mimi pia sikujibu. Mwezi wa tisa ulipofika, mdogo wangu akabaki nyumbani. Alibaki mwaka mzima, akikaa kwenye mlango asubuhi na mfuko wake mgongoni, akiangalia watoto wengine wakipita.

Sasa niwaambie kile ambacho buletini haikusema. Mwaka ule ule wa zero katika hesabu, mdogo wangu alianza kupanga sahani wakati wa chakula. Mwanzo mwalimu wake alimushika mkono. Kisha alimuonyesha kwa kidole tu. Kisha hakusema tena kitu. Nyumbani tulikuwa watu sita, na mtoto aliweka sahani moja mbele ya kila mtu, bila kumpita mtu, bila kumpa mtu mbili. Siku moja mjomba alifika wakati bukari iko mezani. Mtoto akaangalia, akasimama, akaenda kuleta sahani ya saba. Kitu kimoja kwa mtu mmoja, hakuna aliyezidi, hakuna aliyekosa: huo ni mlango wa hesabu, hata mwalimu wa mwaka wa kwanza anaanzia pale. Baba alikula juu ya ile sahani miezi mingi. Lakini siku ya buletini hakuikumbuka, ju karatasi ilikuwa na muhuri na sahani haikuwa na muhuri.

Kazini kwetu, mtu akifanya kosa kama lile anachekwa. Panda mahindi na muhogo siku moja, mwezi wa kumi na moja. Lete mkaguzi mwezi wa nne aulize paka swali moja: magunia ngapi? Mahindi yatampa jibu. Muhogo utampa zero, wakati chini ya udongo mizizi inaanza kunenepa vizuri. Akitaka kuhakikisha, atang'oa shina aangalie. Ataona mizizi ni kweli, lakini shina lile halitakomaa tena. Zero ya muhogo mwezi wa nne inatueleza habari za swali la mkaguzi. Habari za muhogo haisemi hata moja.

Nikajiuliza: kuna watu waliofikiria jambo hili mbele yetu? Nikatafuta, mega zikaisha mara nyingi, nikafika Uingereza. Si kwa sababu ninaamini kila kitu cha Wazungu ni kizuri. Ni ju kule wamebadilisha kipimo hiki mara kadhaa, na karatasi za serikali yao ziko wazi, kila mtu anaweza kusoma walichokubali na walichotupa.

Historia yao ni ya kushangaza kidogo. Mpaka mwaka wa 1970, sheria ya kule ilikubali kwamba kuna watoto wasioweza kufundishwa kabisa. Hao waliwekwa chini ya idara ya afya, si ya elimu. Sheria ya 1970, iliyoanza kazi Aprili 1971, ndiyo iliwaingiza watoto wote shuleni. Mwaka wa 1978 kamati ya Mary Warnock ikatoa ripoti yake maarufu, ikisema kwamba malengo ya elimu ni yaleyale kwa watoto wote, hata kama msaada wanaouhitaji si sawa. Kisha ikaja programu ya taifa kwa sheria ya 1988, na ngazi zake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kupanda juu.

Hapo shida ikaonekana. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili hakufikia hata ngazi ya kwanza. Katika karatasi yake waliandika herufi moja, W, yaani bado anaelekea ngazi ya kwanza. Mwaka huu W. Mwaka kesho W. Anaingia na miaka 5, anatoka na miaka 16, W. Ile W ni ndugu wa zero ya mdogo wangu.

Mwaka wa 1998 wakatengeneza dawa: ngazi za P, kuanzia P1 mpaka P8, zote chini ya ngazi ya kwanza ya kawaida. P1, P2 na P3 kila moja waliikata mara mbili, kwa hiyo ni vidato 11. Kidato cha chini kabisa kilikuwa cha mtoto ambaye anakutana tu na vitu na watu, hata kama bado hajibu sana. Kidato cha juu kilikuwa karibu na mtoto anayeanza kusoma maneno na kuhesabu. Kuanzia mwaka wa 2007 ikawa lazima kwa shule kuzitumia na kupeleka matokeo kwa serikali.

Tuwe wa haki: hii ilikuwa hatua kubwa. Mara ya kwanza mtoto wa W akapata maneno yake. Mwalimu akaweza kusema kwamba mwaka jana mtoto huyu alikuwa pale na leo yuko hapa. Kama mwaka ule baba angepewa karatasi kama ile, pengine mfuko haungebaki mlangoni. Sipendi ukosoaji unaocheka kazi ya watu walioanza toka kwenye giza.

Lakini ngazi za P zilikuwa na makosa matatu, na kila moja lina somo kwetu.

Kosa la kwanza: ngazi inaamini kwamba watoto wote wanapanda njia moja, kidato kwa kidato. Sivyo. Mtoto mmoja anaweza kukaa palepale miaka miwili kwa macho ya ngazi, lakini kile alichofanya na mwalimu mmoja sasa anakifanya na walimu watatu, anakifanya nyumbani, anakifanya sokoni. Amepanuka bila kupanda. Na kuna mtoto mwingine mwenye ugonjwa unaomaliza nguvu polepole. Kwake, kubaki na uwezo wa mwaka jana ni ushindi mkubwa, lakini ngazi inaandika: hakuna maendeleo.

Kosa la pili linanigusa kama mtu wa takwimu. Katika kilimo tuko na skeli inayoitwa BBCH. Inapanga hatua za mmea kuanzia 0, mbegu kuota, mpaka 9, mmea kukauka. Namba 3 ni shina kurefuka, namba 6 ni kutoa maua. Hakuna mwanafunzi wa agronomia atakayesema kwamba mmea wa hatua ya 6 umekua mara mbili kuliko ule wa hatua ya 3. Profesa atamurudisha mara moja. Namba zile ni za kupanga mpangilio, hazionyeshi wingi. Sasa Uingereza, shule nyingi ziligeuza ngazi za P kuwa pointi, wakajumlisha, wakagawanya, wakatoa wastani wa darasa, wakachora mistari inayopanda. Programu za kompyuta zikauzwa zinazokata kila ngazi kuwa vipande vidogo vidogo, ili kila mwezi kuwe na kitu cha kupaka rangi. Toka P2 kwenda P3 si sawa na toka P6 kwenda P7. Mwaka mzima wa maisha ya mtoto unaweza kuwa kati ya hizo mbili za kwanza. Grafu ilikuwa nzuri kwa macho, lakini hesabu yake haikuwa halali.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, na linakuja kila mahali ambapo kipimo kinaamua heshima ya mwalimu. Kama shule itahukumiwa kwa vidato, mwalimu ataanza kufundisha kidato. Mtoto anahitaji kujifunza kusema «hapana» mtu akimushika vibaya, ao kuomba kwenda choo, lakini hiyo haiko kwenye kidato kinachofuata. Kidato kinachofuata kinasema alinganishe rangi. Basi mtoto analinganisha rangi.

Waingereza wenyewe waliona. Mwaka wa 2014 ngazi za programu yao ya taifa ziliondolewa, na ngazi za P zikabaki zinaning'inia bila mti. Mwaka wa 2015 serikali ikaunda kikundi kikiongozwa na Diane Rochford, mkuu wa shule ya watoto wenye mahitaji maalum mashariki ya London. Oktoba 2016 ripoti ikatoka, na ilisema wazi: ngazi za P ziondolewe. Watoto wanaosoma masomo, lakini chini ya kiwango cha umri wao, wakapata viwango vyao vipya. Kwa watoto ambao hawajaanza hata kusoma masomo kama masomo, ripoti ilipendekeza kuangalia namna mtoto anavyojihusisha na kitu kilicho mbele yake.

Wazo hili la kujihusisha lilikuwa limefanyiwa kazi mbele na Barry Carpenter na wenzake, katika utafiti juu ya watoto wenye shida nyingi zilizochanganyika. Rochford alipendekeza mambo saba ya kuangalia, na baada ya majaribio yakabaki matano. Je, mtoto anachungua kitu kipya? Je, anatambua, anashangaa, anaona jambo jipya katika kitu alichokizoea? Je, anatarajia kile kitakachofuata? Je, anavumilia, anaendelea hata kikiwa kigumu? Je, anaanzisha mwenyewe bila kusukumwa? Mambo haya matano hayana wa kwanza wala wa mwisho, hakuna kupanda toka moja kwenda lingine. Tangu mwaka wa shule wa 2021 hii ni lazima katika shule za msingi za kule kwa watoto wa kundi hilo.

Niliposoma yale matano nilifurahi sana, nasema kweli. Chukua sahani za mdogo wangu. Alitarajia: akisikia mwiko kwenye sufuria alienda mwenyewe kwenye kabati. Alianzisha: siku ya mjomba hakuna mtu aliyemutuma. Alivumilia: sahani zikianguka alizianza upya. Kipimo hiki kingemuona. Na kina jambo lingine zuri: mwalimu hawezi kukijaza akikaa ofisini. Lazima akae chini, amuangalie mtoto.

Lakini sasa nafika kwenye ukosoaji wangu. Katika mfumo huu mpya, shule inapeleka kwa serikali habari moja tu: mtoto fulani anapimwa kwa njia ya kujihusisha. Basi. Alianzia wapi, amefika wapi, amepata msaada gani, hayo yanabaki kati ya mwalimu na mzazi. Ninaelewa sababu: waliogopa namba zisirudi kuwa fimbo. Ni woga wa haki. Lakini waliponyima serikali namba mbaya, hawakuipa nyingine nzuri mahali pake. Mtoto aliyekuwa amepimwa vibaya sasa, kwa macho ya walio juu, hana habari. Katika nchi yenye wakaguzi wa kila namna na sheria inayotekelezwa, pengine inawezekana kuishi hivyo. Mkaguzi atafika, ataingia darasani, ataona.

Kwetu haiwezekani. Tuangalie hali yetu bila kujidanganya. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna inayomfaa. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 inataja elimu maalum. Elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria nzima ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Karatasi tuko nazo. Lakini siku ya kugawa walimu, madawati na makuta, atakayeketi kwenye meza ile atauliza: wangapi? Wamefanya nini? Shule ikijibu «watoto wetu wanajihusisha vizuri», faili itawekwa chini ya zingine. Ikijibu «wastani wetu ni asilimia 9», faili itafungwa kabisa. Tunahitaji jibu la tatu.

Ninavyoona, jibu hilo lina sehemu mbili, na tusizichanganye.

Sehemu ya kwanza ni ya mtoto mmoja mmoja. Mwanzo wa mwaka, mwalimu na mzazi wanakaa pamoja na kuchagua mambo matatu, si kumi, ambayo yatabadilisha maisha ya mtoto huyu. Kwa kila moja wanaandika leo yuko wapi, na tarehe. Hiyo ndiyo tunaita hali ya mwanzo, na katika jaribio la shamba bila hali ya mwanzo hakuna jaribio. Kisha kila wiki mbili mwalimu anaandika mstari mmoja. Aandike nini? Hapa kuna kazi nzuri ya Waingereza ambayo haikutoka kwa serikali: katika The Dales School, North Yorkshire, walitengeneza njia inayoitwa MAPP. Inauliza maswali manne. Mtoto anahitaji msaada kiasi gani: mkono juu ya mkono, kidole, neno, ao peke yake? Anafanya kwa urahisi kiasi gani? Baada ya muda bado anaweza? Anaweza mahali pengine, na mtu mwingine? Angalieni namna maswali haya yanavyoona kile ngazi za P zilichoshindwa kuona: mtoto anayepanuka bila kupanda.

Sehemu ya pili ni ya shule, na hapa namba zinarudi, lakini namba halali. Kutafuta wastani wa vidato si halali. Kuhesabu watoto ni halali. Watoto wangapi wako na hali ya mwanzo iliyoandikwa? Wangapi walifikia lengo walilowekewa, wangapi walilikaribia, wangapi bado? Watoto walipata siku ngapi za masomo mwaka huu? Wangapi waliacha, na kwa sababu gani? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Wamarekani wawili, Kiresuk na Sherman, walionyesha tangu 1968, katika kazi ya afya ya akili, kwamba inawezekana kila mtu awe na lengo lake na bado tukaweza kusema matokeo: zero ni kufika pale palipotarajiwa, moja na mbili ni kupita, chini ya zero ni kubaki nyuma. Muone jambo hilo: katika skeli yao, kupata zero ni habari njema! Namba ileile, lakini aliyeitunga alianza kwa kuuliza mtu huyu anaanzia wapi.

Najua mutanipinga, na mko na haki. Nijibu mawili.

Kwanza, mutasema mwalimu atachagua malengo mepesi ili wote wafaulu. Ni kweli, hatari hiyo iko. Ndiyo maana mzazi awe mezani siku ya kuchagua, na mwalimu wa darasa lingine asome hali ya mwanzo na ya mwisho. Mama anayejua kwamba mtoto tayari anafungua mlango hatakubali lengo la kufungua mlango. Buletini nayo ina udanganyifu wake, sisi sote tumepita kule, tunajua pointi zinavyoongezwa. Tofauti ni kwamba lengo lililoandikwa kwa maneno ya kawaida, hata mama asiyesoma anaweza kusomewa na kulikataa. Asilimia 9 hawezi kuikataa, hana pa kuishika.

Pili, mutasema kwamba nataka kuwaondoa watoto wote wenye ulemavu kwenye mitihani. Hapana, na naomba tuelewane vizuri. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya ishara. Mtoto kipofu anahitaji Braille. Mtoto mwenye miguu isiyotembea anahitaji mlango mpana na meza ya kufaa. Wakishapata hayo, wapewe mtihani uleule wa mwisho wa shule ya msingi, wapewe Exetat ileile, wakipata 70 iandikwe 70. Kumpa kiziwi mwenye akili kali karatasi tamu inayosema «anashiriki vizuri» ni kumuibia diploma. Kuna kosa la kupima muhogo kwa magunia ya mahindi, na kuna kosa la kuita mahindi muhogo ju hatukutaka kuyamwagilia maji. Shule zetu nyingi zinawaweka watoto hawa wote ndani ya chumba kimoja, chini ya jina moja, na karatasi moja. Ndiyo maana kabla ya kuchagua kipimo, tujue kwanza mtoto huyu anazuiwa na nini.

Kuhusu wakati wa mwalimu, nimefanya hesabu rahisi. Watoto 14, mstari mmoja kila wiki mbili: ni mistari 7 kwa wiki. Ni kazi ya nusu saa. Buletini ya zero inachukua wakati mrefu zaidi kuijaza, na haimfundishi mtu kitu.

Mdogo wangu alirudi masomo baada ya mwaka ule, katika kituo kingine. Si mimi niliyemushawishi baba na takwimu zangu. Ni mama, siku moja wakati wa chakula. Wageni walikuwa wamekuja, mtoto amepanga sahani kumi, na mama akasema polepole: «Baba, hesabia zile sahani.» Baba akahesabu. Hakusema kitu, lakini Jumatatu iliyofuata alitosha makuta ya transport.

Tangu siku ile tuko na kaye nyumbani. Mama anasema, mimi ao dada tunaandika. Hali ya mwanzo, tarehe, msaada. Mwaka jana lengo lilikuwa kununua mkate kwenye duka la jirani na kurudi na chenji. Mwezi wa pili, dada alienda naye hadi ndani. Mwezi wa nne, dada alisimama nje. Mwezi wa sita alienda peke yake, akarudi na mkate, bila chenji: mwenye duka alimubakizia franga 200 akisema ataona kesho. Tuliandika yote mawili, ju lengo linalofuata ni kumufundisha kudai.

Wengi wenu ni walimu, ao mtakuwa, ao muko na ndugu kama wangu nyumbani ambaye hamumutaji sana mbele ya watu. Mwezi wa saba buletini zitatoka tena. Kama ni wewe utakayeshika biki mbele ya kile kisanduku, na mkono unataka kuandika zero, simama kidogo. Geuza karatasi. Nyuma yake andika kitu kimoja ambacho mtoto huyu hakukiweza mwezi wa tisa na leo anakiweza, na msaada gani. Ukikosa kitu cha kuandika, basi zero iko, lakini andika jina la shule mbele yake.